Nyanya Zilizolelewa Kitandani

Mke mwenzangu mpenzi, Bi Mwanajuma,

Kaka yako Hamadi amerudi kutoka Makka, na wewe hukurudi. Alishuka bandarini Tanga juzi asubuhi, akaja moja kwa moja hapa Tongoni kabla hata ya kufika kwake Kigombe, maana alisema habari hii haifai kunifikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Nilipomwona anaingia uwani peke yake, amebeba chupa ya zamzamu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, sikumwuliza kitu. Nilimtandikia mkeka, nikampa maji, nikamwambia, "Sema, kaka. Nasikia."

Akasema umefariki hija yako ikiwa imetimia. Uliugua kidogo tu, hukusumbua mtu, na umezikwa huko huko ambako watu huomba wazikwe wasipate.

Tangu juzi nyumba imejaa. Wamekuja wa Kigombe, wamekuja wa mjini, na wengine siwajui wamekuja kwa jina lako tu. Mmoja katika wanawake, simtaji, alinitazama ninavyolia, akamnong'oneza mwenziwe, "Hivi kweli mtu humlilia mke mwenza namna hii?" Nilimsikia. Nikafuta machozi nikamjibu, "Wako kama haliliki, pole. Wangu alikuwa Mwanajuma."

Lakini jawabu lile lilikuwa fupi mno. Ndiyo maana nimeketi kukuandikia, kwa herufi hizi za Kiarabu za chuoni ulizokuwa ukisema zinakwenda upande kama kaa. Kaburini kwako siwezi kufika. Na barua yenyewe siifungi. Anayetaka kuisoma aisome, akianza na yule mnong'onaji.

Wanaoshangaa ni wale wanaokumbuka tulivyoanza. Marehemu Bakari alikuwa akipandisha papa mkavu kwetu milimani Usambaa na kuteremsha maharage, na safari moja akateremka na mimi pia. Aliponiposa hakunieleza mengi. Alisema tu, "Nyumbani yupo mwenzako, mtu mpole." Mpole! Siku niliyoingia hukunipa hata mkono. Chumba chako kilikuwa kulia, chenye dirisha kubwa la kutazama mashariki na kile kitanda cha samadari ulichoolewa nacho. Changu kilikuwa kushoto, na tundu lake la hewa lilitazama ukuta wa jirani. Katikati ulikuwapo ukumbi, na katika ukumbi ule hakuna neno lililopita kati yangu na wewe.

Ukiwa na jambo langu ulikuwa ukimwambia kuku. "We kuku, na hiyo miguu yako ya matope ya milimani, umetoka wapi? Huku kwetu watu hufagia." Kuku masikini hajui kosa lake. Nami nikisonga ugali wangu upande wa pili wa uwa nilikuwa nasema na chungu: "Chungu changu, chemka. Wenye wivu na wanuse." Bakari alikula huku na alikula kule, na akitaka kuusifu mchuzi wa mmoja wetu alingoja mwingine aende kisimani.

Tuliishi hivyo mpaka kaskazi ile aliporudi kutoka milimani ana homa, akalala, asiinuke tena. Tukakalishwa eda siku moja, nyumba moja. Miezi minne na siku kumi, wewe na mimi ndani, bila yule aliyekuwa akipita kati yetu. Nilimlilia mume wangu, Mungu anajua. Lakini siku zile za mwanzo nilijililia mwenyewe pia, kwa kufungiwa na wewe.

Wewe uliyajua yaliyofuata, ila wanaosoma hawayajui, kwa hiyo nitayasema.

Siku ya arobaini watu walisoma khitma barazani. Ilipokwisha, shemeji yetu Omari, kaka yake mkubwa marehemu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani. Alisema, "Lipo shamba la ndugu yangu kando ya njia ya Pangani. Sitaki liwe pori. Wajane hawa hawana mtoto. Wakitoka eda mmoja ana kwao Kigombe na mmoja ana kwao milimani. Lakini mtu asije akasema nimewadhulumu. Masika yakikatika nikalikuta limepandwa, na walishike wao. Nikilikuta pori, yupo bwana mmoja wa Pongwe anataka kutia mihogo."

Mtu akauliza, "Mzee Omari, watu walio eda watapandaje?"

"Hilo analijua Mungu," akajibu, na watu wakanywa kahawa.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, nimeshika kizingiti. Nikageuka, nikakuona na wewe umesimama mlangoni kwako, umeshika kizingiti. Kuku walikuwa nje. Hukuwa na wa kumwambia ila mimi.

"Umesikia, we mtoto wa milimani?"

"Nimesikia."

"Kwenu kuna nani?"

"Kuna mama wa kambo," nikasema. "Na kwenu?"

"Kuna kaka mwema na mkewe." Ukakipangusa kizingiti kwa kiganja. "Kaka ni mwema." (Kaka Hamadi akifika hapa anisamehe, na wifi pia.)

Kisha ukakaa chini pale pale kwenye sakafu ya ukumbi, upande ambao ulikuwa si wako wala si wangu, ukasema, "Basi hatuendi."

Nilikuja kukaa mbele yako. Tulifikiri sana siku ile. Watu wa pwani hawatii mbegu za nyanya wakati wa masika, maana mvua ile huupiga mche mchanga ukalala chini, na tuta lote likaenda na maji. Hungoja mvua ipungue, ndipo hutia mbegu. Na sisi tukingoja mpaka tutoke ndipo tuanze na mbegu, shemeji angefika shambani akute udongo mtupu na majani. Tulitaka siku tukitia mguu nje tuwe na miche mikubwa mikononi, ya kutia ardhini siku hiyo hiyo.

Nikakwambia habari za mama yangu. Kwetu milimani, baridi na mvua zikizidi, mama alikuwa akiotesha nyanya ndani ya nyumba, karibu na joto la meko, na jua likitoka huzipeleka mlangoni zikaote, kisha huzirudisha. Nje kukitengemaa, wenzake wanaanza na mbegu, yeye ana miche ya kupanda.

Ulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nikuone ukicheka tangu kuolewa, na ulikuwa ukinicheka mimi. "Nyanya ndani ya nyumba? Na ng'ombe je, tumlaze wapi?"

Lakini Bi Tatu, jirani yetu aliyekuwa akituletea maji, alipokuja alasiri ile, nilikusikia ukimwambia, "Shoga, ukirudi kesho niletee udongo mweusi wa chini ya mgomba, na samadi ya mbuzi iliyokauka. Usiniulize ya nini." Bi Tatu hakuuliza. Alieneza mji mzima kwamba wajane wa Bakari wameanza kula udongo.

Mbegu za nyanya nilikuwa nazo. Nilikuwa nimezikamua na kuzikausha kwenye kitambaa, nikazifunga fundo, kama alivyokuwa akifanya mama. Za pilipili ulitoa wewe, katika zile pilipili zako nyekundu zilizoning'inia juu ya meko, ambazo zamani ungenivunja mkono kama ningezigusa. Nikakata debe kwa ubavu, nikatoboa matundu chini, nikachanganya udongo, samadi na majivu kidogo, nikatia mbegu, nikaweka chumbani kwangu.

Nyanya ziliota upesi. Nilifurahi kama niliyezaa. Nikazimwagia maji asubuhi, nikazimwagia mchana, nikazimwagia jioni. Mle chumbani mwangu mlikuwa giza, na miche ikawa inarefuka tu, myeupe, myembamba kama uzi, inanyoosha shingo kutafuta mwanga usiokuwapo. Asubuhi moja nikaikuta imelala yote. Shina limeoza pale linapoingia kwenye udongo, kila mmoja, kana kwamba mtu amepita akiikata kwa ukucha.

Nililia kwa sauti. Ukaja mbio, ukasimama mlangoni kwangu, ambapo hujawahi kusimama.

"Unamlilia Bakari au unalilia mboga?"

"Mboga," nikasema.

"Afadhali. Bakari tumekwisha mlilia." Ukaingia. Ukaegemeza kichwa kwenye lile tundu la hewa, ukatazama ukuta wa jirani, ukatazama debe, ukachovya kidole kwenye udongo. "Hapa hata mtu haoti," ukasema. Na bila kunitazama: "Miaka yote hii alikuwa akikulaza humu?"

Ulitoka, nikakusikia chumbani kwako unasukuma kitu kizito. Nikaja kutazama. Ulikuwa umekunja godoro la samadari, umelisimamisha ukutani, na unakivuta kitanda kwa nguvu zako zote kukileta chini ya dirisha. Kile kitanda! Chenye nguzo za kuchongwa na vioo vidogo vidogo, ambacho nilikuwa nikikisikia kwa wanawake kisimani kabla sijakiona kwa macho. Nilikuwa na wivu nacho kuliko niliokuwa nao na wewe.

"Usisimame kama mgeni," ukasema. "Shika mguu ule."

"Bi Mwanajuma, kitanda chako."

"Mwenyewe hayupo. Na walale wengine."

Tukapanga mbao juu ya kamba za kitanda, na juu ya mbao tukaweka madebe. Miguu minne ya samadari tukaisimamisha katika makopo ya maji ili sisimizi wasipande. Kuku hawakuweza kuruka wakafika. Dirisha lilifunguliwa na jua la asubuhi likaja likalala pale lilipokuwa likilala kila siku, safari hii juu ya udongo. Nikatia mbegu mara ya pili. Nawe ukaweka sheria: maji asubuhi tu, na kwa vidole, kama mtu anayenyunyiza marashi kwa wageni.

Kuanzia hapo kila alfajiri baada ya swala nilikuwa nabisha hodi mlangoni kwako, nawe unasema, "Pita, watoto wameamka." Nani angeamini? Mtu aliyekuwa akinisema kwa kuku!

Masika yakaja. Mwaka ule yalikuja kwa hasira. Tulisikia maji yakipita njiani kama mto, na Bi Tatu alikuja amelowa chapachapa kutueleza bustani ya fulani imekwenda, tuta la fulani halionekani. Nasi tunatazamana, tunatazama kitanda. Nyanya zetu zilikuwa zimesimama, zina majani mawili, kisha manne, shina fupi nene la rangi ya zambarau. Zilipoanza kusongamana tuliuhamisha kila mche kwenye kifuu chake cha nazi, tukitoboa lile jicho laini ili maji yasisimame. Kila asubuhi ulikuwa ukiipitishia kiganja juu, taratibu, kama mtu anayempapasa paka. Nikakuuliza kwa nini. "Huko nje kuna upepo," ukasema. "Isije ikashtuka."

Pilipili ndizo zilizotutia majaribuni. Nyanya zimekwisha kuwa wasichana, pilipili hata hazijatokeza. Nilitaka kuumwaga ule udongo nipate nafasi. Ukaniwekea mkono juu ya debe.

"Acha."

"Zimekufa, Bi Mwanajuma."

"Hazijafa. Pilipili ni mke mkubwa. Haharakishwi."

Ulichukua lile debe ukalipeleka karibu na meko yako, udongo upate joto, ukalifunika kwa kitambaa kibichi. Ukawa unakifunua kila siku na kusema "bado", bila huzuni, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Halafu siku moja ukaniita kwa jina langu. "Zaina! Zaina, njoo!" Nilidhani umeungua. Nikakukuta umepiga magoti mbele ya debe, na pilipili zimeinua vichwa, zimejikunja bado kama watu wanaotoka chini ya shuka. Tulikumbatiana, Bi Mwanajuma. Wewe ndiye uliyenishika kwanza. Na tulipoachana tukaona haya, kila mmoja akaenda kutafuta kazi ya kufanya.

Tulizungumza sana mle chumbani, mikono imo kwenye udongo. Ulinieleza juu ya watoto wako wawili uliowazika kabla hawajajua kutembea, na kwamba niliposhuka kwenye gari na sanduku langu la bati uliona tumbo langu kabla ya kuniona uso. Nilikueleza kwamba usiku wa harusi yangu nililia kwa sababu ya bahari, nilivyoisikia inavuma nikadhani ni mvua kubwa inayokuja kutuzoa. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Kisha ukasema, "Na mimi nilikuwa upande wa pili nikilia. Tungejua, tungelia pamoja tukapata faida." Tukagundua pia kwamba Bakari alimwambia kila mmoja wetu kwamba mchuzi wa mwenziwe hauna chumvi. Mungu amrehemu.

Eda ilitutoka ndani ya Ramadhani, mvua ikiwa imekwisha kulegea. Tulioga, tukavaa kanga safi, tukatoka mlangoni. Jua liliniuma macho. Lakini hatukwenda kutembelea watu kama wanavyofanya wanaotoka eda. Bi Tatu alikuwa amekwisha zunguka mitaa, na wanawake waliokuwa wakicheka habari za kula udongo wakaja na majembe, kwa saumu zao, wakafyeka na kulima lile shamba lililokuwa limeota majani ya kutufunika vichwa. Nguvu zile zilitoka wapi sijui. Walisema walitaka kuona kama ni kweli.

Tulipanda alasiri, jua likiwa limepoa. Miche tuliibeba kichwani, vifuu vimepangwa kwenye nyungo na masinia, tukatoka nyumbani kwa mstari, wewe mbele. Watoto waliita njiani, "Bustani inatembea!" Mtu mmoja kwenye duka alisimama, kanzu mkononi, alikuwa akiishona, akasahau kukaa. Mimi nilitembea nyuma yako nikiuona mgongo wako umenyooka, na nikawa najua kwamba siogopi kitu.

Shemeji Omari alikuja siku chache baadaye, na yule bwana wa Pongwe. Tuliwaona kwa mbali wanateremka njia ya Pangani. Nilitaka kuondoka nikajifiche. Ukanishika kanga. "Simama. Tumejificha vya kutosha."

Wakafika ukingoni mwa shamba, wakasimama. Mistari ilikuwa imenyooka kutoka njiani mpaka kwenye minazi, kila mche na kijiti chake, na mingine imekwisha kuchanua vile viua vya manjano.

"Shikamoo, shemeji," ukasema.

"Marahaba." Akatazama, akatazama tena. "Hii imetoka wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwa ndugu yako. Chumbani."

Aliinama, akashika jani akalisugua, akanusa vidole kama mtu anayehakikisha haoti ndoto. Mimi nilikishika kijiti cha mche ulio karibu, maana alikuwa na uwezo wa kusema lolote, na sisi tusingekuwa na pa kushtaki. Lakini nitamtolea haki yake. Alijinyoosha, akamgeukia mwenziwe, akasema, "Bwana, unisamehe nimekuchosha na njia. Neno langu nilisema mbele ya watu. Shamba hili lina wenyewe."

Yule bwana wa Pongwe wala hakukasirika. "Mzee, mimi mihogo nitapata pa kuitia," akasema. Kisha akakutazama wewe, akavua kofia. "Ila mama, kama kuna miche imebaki, naomba."

Ulimpa mitatu. Ukamwambia azingatie maji.

Nyanya ziliiva kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu, wakati bustani za wengine ndiyo kwanza zinatoa maua, na pilipili zikafuata zikaning'inia kijani na nyekundu kama sikukuu. Tulizivuna kukiwa na umande bado, tukapanda basi na matenga yetu mpaka Tanga. Soko zima hapakuwa na nyanya ila zile kavu zilizokunjamana, na kesho yake ni Idi, na kila nyumba mjini inataka pilau na kachumbari. Tukaweka matenga chini. Mimi nilikuwa na haya, nilikaa nimejifunika kanga mpaka puani. Wewe, mtu uliyekuwa ukizungumza na kuku, ulipanda juu ya kreti tupu, ukapiga kelele ambayo mpaka leo wachuuzi wanaiiga:

"Haya nyanya! Nyanya haya! Zimelelewa kitandani hizi! Kwenye samadari! Hazijui mvua wala jua kali, watoto wa waungwana hawa!"

Soko likalipuka kwa kicheko, na kicheko kikaleta watu. Wanawake walitusonga mpaka nikakanyagwa. Mmoja alitaka kununua tenga zima, mwingine akamshika mkono, "Na sisi tusherehekee na nini?" Matenga yalikuwa matupu kabla ya adhuhuri. Tulikunywa sharubati mtaa wa Ngamiani, tumesimama, mikono ina harufu ya majani ya nyanya, tukatazamana tukaanza kucheka, tusiweze kuacha. Ukasema, "Ukirudi milimani nitakuua." Nikasema, "Ukirudi Kigombe nitakufuata."

Hakuna aliyerudi. Walikuja kutuposa, mmoja mmoja, na kila mposaji ulimkaribisha vizuri, ukampa chai, ukamwuliza ana madirisha mangapi ya mashariki. Hakuna aliyerudi mara ya pili. Kila mwaka masika yakikaribia tulihamisha godoro. Wanawake wakaja kujifunza, wa Tongoni kwanza, kisha wa Kigombe, kisha wake wa wafanyakazi wa mkonge, na mmoja wao, Mkristo wa huko kwetu milimani, alilia aliponisikia naongea Kishambaa. Hukumficha mtu siri. "Nyanya haziishi kwa kuliwa," ulisema.

Na pole pole, msimu kwa msimu, ukaweka chako cha hija. Sikujua mpaka ulipoleta habari umekwisha zungumza na kaka Hamadi. Nilikasirika siku nzima kwa sababu ulikuwa unaniacha, nikamaliza kukasirika, nikakushonea nguo nyeupe.

Siku ya bandarini baharia alikupa mkono akuvushe kwenye ngazi, ukaukataa, ukapanda mwenyewe umeshika kanga kwa meno. Ulipofika juu hukupunga mkono kama wengine. Uliniita kwa sauti ya sokoni, "Zaina! Maji asubuhi tu!" Watu wakageuka kunitazama. Nilijivuna kana kwamba umenitangaza mfalme.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Jana, wageni walipopungua, kaka Hamadi aliniambia kwamba bado ana neno moja. Alisema siku ya Arafa, alipokuwa amesimama kando yako juani na watu wote wale wameinua mikono wakilia, alikusikia unaomba kwa majina. Akasema mahujaji wote hufanya hivyo, huwataja watu wao mmoja mmoja, na huanza na aliye karibu zaidi na moyo, kwa sababu pale mtu hawezi kudanganya. Akanitazama. "Alianza na wewe," akasema. "Kabla ya baba na mama. Kabla yangu. Bakari alimtaja wa tano."

Bi Mwanajuma, nilicheka. Ndani ya nyumba ya matanga, mbele ya wageni waliobaki, nilicheka kwa sauti mpaka Bi Tatu akadhani nimepagawa, na machozi yakawa yananitoka huku nacheka. Miaka yote ile tuligombea nani awe wa kwanza katika moyo wa mtu mmoja. Na huko, mbele ya Mola wako, mahali pa kweli tupu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza, na moyo wenyewe ulikuwa wako.

Lala salama, mshindi mwenzangu, katika ardhi ile uliyoililia. Mwenyezi Mungu akupokee kama ulivyonipokea mimi, kwa kuchelewa kidogo na kwa moyo wote. Nami nikisimama kuomba, leo na mpaka nitakapokufuata, wa kwanza ni wewe.

Ni mimi, mke mwenzako,
Zaina